Mpeleka Barua Juu ya Bahari Iliyoganda

Mpeleka barua wa kisiwani huendesha gari lake kuukuu juu ya bahari iliyoganda, na Maimu, jirani yake, huapa kwamba mluzi wa mama huyo huwaamsha samaki chini ya barafu wakamchungulie. Kabla ya kuingia barafuni huwafungua abiria mikanda na kushusha vioo, ili ikipasuka watoke upesi. Breki haikanyagi ghafla kamwe. Usukani huugeuza polepole kama anayembembeleza mtoto. Siku moja uchungu wa kuzaa ulimbana Maimu akiwa ndani ya gari hilo, katikati ya njia, na hospitali iko ng'ambo.

“Kanyaga mafuta, mama! Nitazalia humu!”

“Zaa tu, barua zitakupisha. Nikikimbia, maji ya chini yatapiga wimbi yaivunje barafu. Mwendo ni huu huu mpaka tufike.”

Barafu ikalia kama mlango wa ghala. Yeye akaendelea na mluzi wake, hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Walipopanda nchi kavu, wakunga wa hospitali walikuwa wameshafungua mlango wa gari, lakini vidole vya mpeleka barua viligoma kuuachia usukani. Maimu, huku akisaga meno kwa uchungu, akavibandua kimoja kimoja.

“Ni baridi tu hii,” akasema mpeleka barua, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni.