Hapa Hanawi Mtu Mpaka Sinia Liwe Jeupe

Jua la alasiri limeshateremka nyuma ya mapaa ya Mtaa wa Msimbazi, na Bi Kuruthumu amechutama uani mbele ya jiko la mkaa, kanga kaikaza kiunoni. Anakamua nazi kwa mikono miwili kama mtu anayefua. Sufuriani vichwa vya samaki vinatokota pamoja na bamia.

Kwenye benchi karibu na mlango ameketi mdogo wake, Sadalla, aliyeingia mchana kwa basi kutoka Kilwa. Amekuja kumtazama binti yake, Zamda, mwenye miaka kumi na mitano, anayesoma kidato cha kwanza na kuishi kwa shangazi yake huyu. Amesikia binti amekonda; akimwona hana nafuu, kesho anarudi naye Kilwa, na masomo ndiyo basi tena.

"Nilimleta mtoto asome, dada. Sikumleta kufunga mwaka mzima," anasema Sadalla, bila hasira.

Bi Kuruthumu anakung'uta majivu. Anaongeza mkaa.

Mjane huyu ni mfagiaji katika soko la Kariakoo. Mshahara wake, mwaka huu wa 1975, hauvuki shilingi mia nne kwa mwezi, na kwake wanakula vijana watatu: wanawe Seifu na Zahoro, na huyo Zamda. Aliyewahi kulisha watu wa umri huo anajua kwamba matumbo yao hayana mwisho.

"Ukiwapa chai wanauliza chakula, ukiwapa chakula wanauliza chai," anasema, na kwa mara ya kwanza leo anacheka.

Basi amejifunza kubana. Akitoka kazini hukatiza Mnazi Mmoja kwa miguu mpaka Feri, Kivukoni, saa ambayo wachuuzi wanataka kwenda makwao na vichwa vya samaki aina ya changu vinatolewa kwa bei ya bure. Nazi moja anaikamua mara tatu: tui la mwisho linachemshia mchuzi, la kwanza linamiminwa wakati wa kuepua. Siku nyingine ni mihogo na kunde. Unga wa njano unaoletwa na meli tangu mvua zilipokataa, ule ambao mji mzima unauita unga wa Yanga kwa rangi ya jezi za timu hiyo, anauchanganya na wa muhogo ili ugali ushike. Seifu, mshabiki wa Simba kindakindaki, hulalamikia jina hilo kila siku, na kila siku anaumaliza.

Chakula, kwa hiyo, kilikuwepo. Kosa lilikuwa kwingine, na Bi Kuruthumu analisema waziwazi.

Vijana hula sinia moja. Tangu afike, Zamda alikuwa akila matonge machache, ananawa, anainuka, na binamu zake wanabaki kulifagia sinia. "Mimi nikamsifu! Nikawaambia hawa, mtazameni mwenzenu, mtoto ana adabu. Kumbe kila nikimsifu ndiyo namnyima."

Kisha asubuhi moja Zamda akaanguka mstarini shuleni. Shangazi alipombana, alijibu kwa sauti ndogo: "Mimi mgeni, shangazi. Nikila sana, nyie mtabaki na nini?"

"Nililia," anasema Bi Kuruthumu. "Mtoto wa ndugu yangu wa tumbo moja, anajiita mgeni kwenye sufuria yangu."

Kesho yake aliliondoa birika la kunawia mlangoni, mahali pake pa siku zote, akaliweka miguuni pake. Tangu hapo hakuna anayenawa mpaka sinia liwe jeupe, na asiyenawa hainuki. Mwiko wa ugali akamkabidhi Zamda, pamoja na haki ya mpishi: ukoko wote wa ugali ni wake.

Jioni hii Zamda anasonga ugali, na sinia linatua mkekani. Sadalla anakaribishwa, anasogea. Seifu anasimulia habari za mpira huku mkono haupumziki. Mbele ya baba yake, Zamda anakula macho chini, na baada ya matonge matatu anaanza kupunguza mwendo. Bi Kuruthumu ameshika birika, roho mkononi.

Ndipo mkono wa Zahoro unapotambaa kuelekea sufuria ya ugali.

"We Zahoro! Toa mkono!" Zamda anamchapa kibao. "Nani kapika? Ukoko wangu huo! Ukizidi nakula na kichwa chako cha samaki."

"Mchoyo wewe!"

"Ndiyo, mchoyo. Kasonge wako."

Anaivuta sufuria mapajani na kuanza kukwangua, tonge baada ya tonge, amesahau kabisa kwamba baba yake yupo. Sadalla mwenyewe ameacha tonge hewani. Mashavu ya binti hayajajaa bado, lakini sauti hiyo hajawahi kuisikia.

"Amekuwa mkorofi, dada," anasema.

"Amekuwa wa hapa," anajibu Bi Kuruthumu.

Sadalla anatafuna, anameza, mpaka sinia linapokuwa jeupe, kisha anauliza basi la kesho linaondoka saa ngapi. "Nitarudi peke yangu," anasema, na kunyoosha mikono anawishwe.

Bi Kuruthumu anammiminia maji, mengine yanamwagika mkekani kwa furaha. Akiulizwa anamtakia nini Zamda, anafikiri kidogo.

"Amalize kidato cha nne. Awe mwalimu, awe karani, shauri yake. Mimi nataka siku akija kunitembelea na mshahara wake, apite moja kwa moja jikoni, afunue sufuria bila kuuliza."