Mnyoo wa Yaya Ngoie

Harufu ya nyama ya nguruwe inayochomwa karibu na stesheni ya Kamina hunirudisha kwenye kitanda nilicholalia utotoni na dada yangu mkubwa. Tulimwita Yaya Ngoie. Asubuhi moja alinionyesha kitu juu ya shuka: kipande cheupe, bapa, kama mbegu ya boga iliyomenywa. Tulipokiinamia, kikajikunyata, kisha kikanyooka.

"Usiambie mutu," alininong'oneza. Akakishika kwa vidole, akaenda kukitupa chooni.

Mwaka uliofuata alikuwa akitwanga mihogo uani, mchi ukamponyoka. Macho yaligeuka, shingo ikapinda kana kwamba kuna anayemwita kwa nyuma, kisha akaanguka akitetemeka, povu mdomoni. Alipozinduka alituuliza kwa nini tunalia. Tangu siku hiyo, akipita, majirani waliwaita watoto wao ndani.

"Iko na mupepo," Mjomba aliamua. "Tumupeleke kule Kabongo, ku maombi, bamufunge kamba mupaka itoke."

Mama hakupandisha sauti. "Mutoto wangu habatamufunga kamba. Miye naenda naye ku hopitali."

Daktari aliuliza mengi. Mimi, nikiwa nimeng'ang'ania kitenge cha Mama, nikasema tulichokiona kwenye shuka. Yaya akapewa dawa ya tumbo, na tuliporudi hospitalini daktari akatuonyesha kilichomtoka, ndani ya chupa.

"Hii haiko mupepo, mama. Iko munyoo."

Ndani mlikuwa na utepe mrefu uliojikunja. Kichwa kilikuwa kama punje ya ulezi, kina kulabu na vikombe vya kunyonyea, lakini hakuna mdomo, hakuna tumbo. Mnyoo ule ulikula kwa ngozi. Pingili changa huota shingoni, alisema, na zile kuukuu za mkiani hukatika zikiwa zimejaa mayai. Nguruwe akiyala, watoto wa mnyoo hujichimbia nyamani, wakawa vifuko vidogo vyeupe. Sisi tukila nyama hiyo haijaiva, kifuko kimoja hukua kikawa utepe. Lakini Yaya alikuwa amemeza mayai yenyewe, kwa vidole vyake, na vifuko vikamea ubongoni mwake, ndivyo vilivyomwangusha.

Alikunywa dawa za kifafa miaka mingi, hata kuanguka kukakoma. Akaolewa, na aliyekula kuliko wote harusini alikuwa Mjomba.

Kwa muda mrefu niliamini vifuko vile vilimchukia dada yangu. Ukubwani ndipo nilipoelewa kwamba havikumjua kabisa. Vilijilaza ndani yake kama vinavyojilaza ndani ya nguruwe, vikingoja kwa subira mtu aje amle.