Hadithi Iliyosimuliwa Mchana

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa jerikani ndogo, huko Nabuyonga, Mbale, nyumbani kwetu hakuna aliyethubutu kusimulia hadithi kabla jua halijazama. Bibi yetu, tuliyemwita Kukhu, alisema hadithi ya mchana hukifungulia kifo mlango. Nami nilimwamini mzimamzima, kama nilivyoamini kwamba moto unaunguza.

Kisha mdogo wangu Mafabi akapata surua. Dawa alipewa, lakini mdomo ulimchubuka ndani, akagoma kunywa hata maji. Muuguzi alituonya kwamba asipokunywa tutampoteza. Mama akakimbilia Jinja, kambini Kimaka, kumwita Baba. Baba alikuwa askari, mtu wa kaskazini, ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili chake cha kambini. Kukhu naye alijifunza uzeeni, shingo upande.

"Kukhu, leta Nandutu," Mafabi akasema alasiri ile. Nandutu alikuwa yatima wa hadithini, aliyefukuzwa na mama wa kambo wakati wa njaa akapanda mlima peke yake.

"Jua iko juu, baba. Ngoja jioni."

"Jioni iko mbali."

Kukhu alinitazama, akafunga mlango na dirisha. Huruma ilimshinda. Akaanza, ila akamlainishia mgonjwa: Nandutu akaokota ndizi mbivu njiani, akashiba, akafika salama. Mafabi akageukia ukutani.

"Huyo hapana Nandutu. Nandutu iko na njaa."

Basi Kukhu akamrudishia yule msichana njaa yake, miiba yake, na midomo iliyopasuka hata alipofika mtoni akashindwa kunywa.

"Akunywe!" Mafabi akalia.

"Anaogopa. Mdomo inauma yeye."

Mafabi akanyoosha mkono, akataka kikombe. "Mimi naonyesha yeye."

Akanywa chote, machozi yakimtoka. Nilicheka kwa furaha kama mwendawazimu.

Alifariki keshokutwa yake asubuhi, Baba akiwa bado anasubiri ruhusa. Kukhu hakusimulia tena hadithi, mchana wala usiku, na alikwenda kaburini akiamini ni yeye aliyekikaribisha kifo. Nilipokua nilijaribu kumtoa kwenye fikra hiyo. "Wewe hapana jua," alinijibu tu. Inaniuma mpaka leo.

Siku hizi naishi Jinja, naandika michezo ya redio. Juzi mtayarishaji wetu aliniomba nimpunguzie mateso mhusika mmoja, eti wasikilizaji wana shida zao za kuwatosha. Nilimkatalia kwa ukali uliomshangaza, nami ukanishangaza. Aliyemwua Mafabi ni surua. Siku nyingi naamini hivyo, siku nyingine moyo unasita. Lakini kuna jambo sina shaka nalo. Alasiri ile mdogo wangu, mwenye maumivu ya kumtosha, aliyavumilia kwa ajili ya msichana asiyekuwepo duniani.