Kompresa Ilipokufa Njia ya Kibombo

Gari yetu ililetwa Kindu kwa treni kutoka Lubumbashi, ikiwa imeshazeeka mikononi mwa watu wengine. Rangi ilikuwa imebabuka, na mlango mmoja ulikubali kufunguka kwa ndani tu. Lakini klima, yaani kiyoyozi, ilifanya kazi, na mimi niliinunua kwa ajili ya klima. Mama alikuwa amepooza upande wa kushoto, na joto lilimletea kizunguzungu. Kila tulipotoka nilifunga madirisha, nikawasha ubaridi, naye akakaa kando yangu, mkono ule mgonjwa juu ya paja.

Siku hiyo tulikuwa tunarudi Kindu kutoka Kibombo, tulikokwenda kumwona mdogo wa mama. Nikasikia mbele mlio kama wa mtu anayekwangua sufuria, kisha harufu ya mpira unaoungua ikaingia ndani. Taa nyekundu ikawaka. Nilizima injini, nikafungua boneti, nikakuta mkanda umekatika. Simu ilishika kwa shida. Nilimpigia fundi wangu aliyekuwa Kindu.

"Ile puli ya kompresa ya klima," akasema, "jaribu kuizungusha na mukono."

"Haizunguki hata kidogo."

"Basi njo hiyo yenyewe. Imekufa, imekata mukanda. Ungojee, nakuja na pikipiki."

Ndani ya gari hewa ilikuwa imekwisha kuwa moto, na mama alikuwa anatokwa jasho. Wanaume waliokuwa wakigeuza mpunga juani kando ya barabara waliacha kazi, wakatusukuma hadi kwenye kivuli cha nyumba. Mmoja wao, mrefu, alimwinua mama mikononi, akamketisha kwenye kiti kilicholetwa na wanawake. Mama alinywa maji, akatazama huku na huku: nyumba, kisima, na reli iliyopita nyuma ya mashamba.

"Ninajua hapa," akaniambia.

Na mimi nikapajua. Wakati wa vita, Kindu ilipozingirwa, chakula kikaisha sokoni, baba alikuwa amekwama Punia. Mama alitutoa kwa miguu, mimi na mdogo wangu aliyekuwa bado mchanga, tukaifuata reli. Tulipofika kijiji hiki mama hakuwa na maziwa tena, na mtoto hakuwa na nguvu ya kulia. Mwanamke mmoja, naye akiwa na mtoto wake wa kunyonya, alimtwaa mdogo wangu bila kuuliza tumetoka wapi. Akaketi chini, mmoja titi hili, mwingine titi lile. Tulikaa kwake mpaka habari za utulivu zilipofika.

Baadaye mama alisema sikuzote kwamba tutarudi kwa yule mwanamke, lakini si mikono mitupu: tupate kwanza kitenge, chumvi, sabuni. Miaka ikapita, ugonjwa ukaja. Hata baada ya kupata gari nilipita kijiji hiki mara nyingi, madirisha yamefungwa, bila kugeuza kichwa, na mama kando yangu hakuniomba kusimama.

Sasa aliwauliza wanawake kama mama wa nyumba ya karibu na reli angali hai. "Iko," wakajibu, na mmoja akaenda kumwita.

Alikuja polepole, akiegemea fimbo. Alimtazama mama kwa muda, kisha, kabla hata ya salamu, akauliza:

"Mutoto alikomaa?"

"Alikomaa, dada. Anafundisha Kisangani."

Akanigeukia mimi. "Njo huyu?"

"Hapana. Huyu njo ule mukubwa, alikuwa anateka maji. Wetu iko Kisangani."

Mama alisema "wetu". Walishikana mikono, na yule mwenyeji akaanza kusimulia waliokufa na waliohama, na mvua ilivyoharibu mpunga. Mama aliitikia kwa maneno machache. Mara kadhaa niliona midomo yake ikifunguka na kufungwa tena. Mwishowe akasema:

"Dada, na wako? Ule walikuwa wananyonya pamoja?"

"Si njo huyu alikubeba?" Akaita kuelekea kwenye mpunga.

Yule kijana mrefu akaja akijipangusa makapi, akachuchumaa mbele ya kiti. Kwa mkono wake mzima mama alimshika begani, akateremka taratibu hadi kwenye vidole, kama mtu anayemkagua mtoto mchanga baada ya kumwogesha. Machozi yalimtoka bila sauti. Kijana akautazama mkono wake ule mgonjwa.

"Mama, mukono yako inauma?"

"Hapana, baba. Haiumi."

Fundi alifika jua likiwa limeshuka kidogo. Alivalisha mkanda mfupi unaoiruka kompresa, akawasha injini, akasikiliza.

"Itatembea," akasema. "Ila klima basi. Mufungue madirisha."

Tulifungua. Vumbi likaingia mpaka kitambaa cha mama kikabadilika rangi. Tulikuwa tumekwenda mbali kidogo aliposema, akitazama barabara:

"Haikuwa sababu ya mikono mitupu. Niliogopa kuuliza kama wake alipona. Njaa ilikuwa kwao pia. Maziwa ilikuwa ya mutoto mumoja, wakanyonya wawili."

Nilipunguza mwendo ili vumbi lisimsumbue.

Fundi alinitafutia kompresa nyingine, iliyotolewa kwenye gari bovu. Ilipoza siku chache, nayo ikakwama, nikaiacha. Likizo ilipofika, mdogo wangu alikuja kwa njia ya Lubutu, nikawapeleka yeye na mama kijijini asubuhi, kabla ya jua kali. Mdogo wangu aliona haya, hakujua aanze vipi. Yule mama alimketisha karibu naye mkekani, akamuuliza anafundisha nini.

"Hesabu, mama."

Akacheka, akamwonyesha mwanawe kwa kidole. "Huyu alikimbia masomo sababu ya hesabu."

Kijana naye akacheka, akasogeza kiti chake karibu na cha mama yetu.