Kisu Juu ya Kitabu cha Kifaransa

Mwanangu, kuna siku moja huwa naikumbuka kila nikipita mtaa wa Vällingby. Nilikuwa kijana, mgeni katika nchi hii, nikijifunza kazi kwenye duka la mitumba. Nilikuwa mwoga wa kusema. Nikiulizwa jambo kwa Kiswidi niliitikia kwa kichwa tu, hata kama sikuelewa.

Katika maboksi ya vitabu kulikuwa na kitabu kikubwa cha Kifaransa, cha karne ya kumi na tisa. Kilikuwa kisa cha kubuni, cha watu walioishi katika mji juu ya mawingu. Picha zake zilikuwa za wino mweusi. Mama Odile, mzee wetu pale dukani, wa kutoka Bukavu, alinieleza kwamba enzi hizo mchoraji alichora juu ya kipande cha mbao, kisha fundi akachonga mstari kwa mstari, hata unywele, ndipo wakachapa. Kila mapumziko ya kahawa alinisomea kidogo, akigeuza kuwa Kiswahili. Tulifika mahali ambapo binti mmoja anashuka duniani kwa kamba kumtafuta mama yake, kamba ikawa fupi. Akabaki akining'inia.

Siku hiyo Birgitta, msimamizi wetu, akakiweka kitabu mezani na kushika kisu. Alisema Kifaransa hakinunuliwi pale, ila picha zikikatwa na kutiwa kwenye fremu zitaondoka haraka. Akanipa fremu nishike. Nikashika. Roho iliniuma.

Mama Odile akatoka jikoni na kikombe chake. Alimpita Birgitta. Alinigeukia mimi.

"Mtoto yangu, unamushikia fremu? Mdomo uliiacha ku nyumba?"

"Sema wewe, Mama. Kifaransa ni chako."

"Kifaransa ni yangu, hadithi ni yako. Mimi nilishaisoma mpaka mwisho. Sema."

Kisu kilikuwa kimeshagusa karatasi. Nikaweka fremu chini, nikasema kwa Kiswidi changu cha kuokoteza, "Ngoja. Hatujamaliza." Birgitta alishangaa kwamba nina sauti. Nikamwonyesha yule binti kwenye picha. "Nataka kujua kama anafika."

Birgitta aliitazama ile picha. Kisha akakifunga kisu, akavuta kiti. "Basi nisomeeni na mimi."

Nilipumua kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mama Odile akacheka, akasema kwa Kiswidi nitatafsiri mwenyewe. Hapo ndipo jasho liliponitoka kweli.

Mwanangu, jana mwalimu wako aliniambia kwamba majibu unayajua lakini mkono huinui. Sikulaumu, umenirithi. Ila usidhani ukinyamaza, kitu unachokipenda kitajitetea chenyewe. Wala usimwachie mkubwa akusemee jambo lililo lako. Maneno mawili ya kukatikakatika yanatosha, mradi yawahi. Watu wengi si wabaya, ni kwamba hakuna aliyewaambia kuwa kitu hicho kinapendwa.

Mungu akupe sauti siku utakapoihitaji, na akuwekee karibu watu wa kuisikia.