Leo nimecheza mpira kwa sababu ya namba ya kiatu

Mimi, msichana wa kubeba maji na kuandika mabao, leo nimeingizwa uwanjani.

Tulienda Kilimani kucheza na shule yenye uwanja wa nyasi. Kwetu Kangemi ni vumbi, na Wambui hucheza pekupeku. Hakuna anayempita.

Refa alimtazama miguu. "Bila njumu huingii."

Timu yetu ina jozi kumi na moja za njumu, zote za kupewa, na hakuna inayomtosha Wambui. Kwa hivyo akakaa benchi nami. Tulikuwa wawili tu.

Kipindi cha pili, bado hakuna bao, mwenzetu Akinyi akateguka kifundo. Mwalimu akamvua njumu, kisha akageuka.

Si kwa Wambui. Kwangu.

"Muthoni, unavaa namba ngapi?"

"Tano, mwalimu." Nilijibu kabla ya kufikiri.

"Basi ingia."

Wambui ndiye aliyenifunga kamba za njumu.

"Mimi sijui mpira," nikamnong'oneza.

"Najua. Ukiuona, piga mbali."

Niliuona mara moja tu. Niliupiga mbali, moja kwa moja hadi kwa mshambuliaji wao. Tukafungwa moja bila.

Nilipofungua daftari langu la mabao, nilikuta Wambui ameandika kila kitu vizuri. Chini ya "wachezaji" kuna jina langu. Chini ya "maji" kuna lake.

Marudiano ni Jumamosi, uwanja ule ule.

Tafadhali, nani hapa ana njumu namba saba?