Siku Tuliyoazima Makochi

Mdogo wangu alipofaulu mtihani wa darasa la nane, furaha ilidumu nyumbani kwetu jioni moja. Asubuhi yake mama alikunja barua ya kuitwa shule, akaitia ndani ya Biblia, akaenda shambani. Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana, shule ya maana. Baba alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, na viazi vya msimu ule vilikuwa vimeoza mashimoni. Zilibaki siku kumi na mbili za kuripoti. Asiporipoti, nafasi anapewa mwingine.

Na kulikuwa na mwanamke wa Nanyuki. Alikuwa ameshapita kwetu Kibirichia mara mbili, sauti tamu kama sukari guru, akiuliza kama tungempa yule msichana akamlelee mtoto. Mama hakumkatalia. Alimwambia angoje kidogo.

Mimi nilijua uyaya ni nini. Ndio ulionipeleka Embu nikiwa na miaka kumi na saba. Mtoto niliyekuwa namlea alipokua, niliambiwa asante na mlango ukafungwa. Tangu hapo nilikuwa nazunguka mtaa wa Dallas, hapo hapo Embu, nikifulia watu nguo, Jumatatu kwa huyu, Jumanne kwa yule, mpaka vidole vinababuka. Nyumbani hawakujua. Nyumbani nilikuwa "ofisini". Nilisema hivyo mara moja tu kwenye simu, kwa haya, mama aliponiuliza nafanya kazi gani. Baada ya hapo neno likajiendea lenyewe. Mama alilipeleka kanisani, kanisani wakalipeleka sokoni, na nilipokuja Krismasi watu wazima walinisalimia kwa mikono miwili. Hapo ungerudi nyuma uanzie wapi?

Basi nilizunguka kutafuta msaada, jamani, nilizunguka. Basari ya eneo bunge, niliambiwa fomu zimeisha, nirudi mwaka ujao, kana kwamba kidato cha kwanza kinangoja. Kwa chifu nikaambiwa nilete barua ya shule. Shuleni wakasema nilete barua ya chifu. Kanisa lilichanga likanunua sanduku na godoro, na Mungu awabariki, lakini godoro halilipi karo. Kila ofisi niliyotoka nilikuwa nimevimba kwa hasira, na kila nikitoka siku moja ilikuwa imekwisha.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja niliyekuwa namfulia Jumatatu. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi, mtu mpole. Nilikuwa nasuuza mashuka huku nikimweleza shida yangu, akaniuliza, "Na ule mfuko wa watoto wa wakulima wadogo, mmeuomba?"

"Mfuko gani, madamu?"

Akaniambia upo. Unachukua watoto wachache kila mwaka, unawalipia miaka yote minne, vitabu na sare na nauli. Hautangazwi, kwa sababu wakitangaza watu watavunja mlango. Fomu zinatolewa Meru mjini, orofani, juu ya duka la dawa za mimea, mlango wa mwisho.

Nilibaki nimeshika shuka linachuruzika maji. "Kwa nini hamsemi?"

"Si nimekuambia?" akasema.

Hilo liliniuma kuliko yote. Msaada wa maskini, na wanaoujua ni walio na makochi! Lakini sikuwa na nafasi ya kununa. Kesho yake nilikuwa Meru, nikapanda zile ngazi, nikamkuta binti mmoja kijana ana mafaili mbele yake. Hakuwa wa kwetu, aliongea Kiswahili cha kunyooka. Nilijaza fomu pale pale. Palipoulizwa ndugu wakubwa wanafanya kazi gani, niliruka mstari.

"Tutakuja nyumbani kuangalia," aliniambia. "Ijumaa. Tukikuta mnajiweza, faili linafungwa hapo hapo. Hakuna kukata rufaa."

Nikampigia mama simu nikiwa bado kwenye ngazi. Nikamwambia wageni wanakuja Ijumaa, aiache nyumba ilivyo, wataiona wenyewe. Mama akasema, "Sawa." Ningekuwa na akili ningeishtukia ile sawa.

Ijumaa nilifika nyumbani karibu na saa sita. Kulikuwa na manyunyu, na njia ilikuwa tope tupu. Uani pamefagiliwa, jikoni moshi unatoka na vicheko vya wanawake. Nikasukuma mlango wa nyumba kubwa, nikasimama. Seti nzima ya makochi ilikuwa imejaa chumba, yana vitambaa vya kufuma vyeupe pe. Kuna saa ya ukutani. Kuna kabati la vioo na vikombe vya maua. Juu ya sakafu yetu ya udongo walikuwa wametandika zulia jekundu. Nikatoka nje mbio kwenda zizini, zizi ambalo halikuwa na kitu tangu mazishi ya baba. Ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, alinitazama akitafuna.

Ngai! Nilielewa mara moja. Kikundi cha akina mama wa kanisa letu kilikuwa na desturi yake. Mmoja wao akipata wageni wa heshima, wakwe wanaokuja kuzungumza mahari, au mchungaji, kila mmoja huleta alicho nacho. Huyu kiti, huyu thamosi, huyu zulia. Wageni wakiondoka, vitu vinarudi kwao, na hakuna anayesema neno. Walisitiriana hivyo miaka mingi, hata hakuna mkwe aliyewahi kukalia kigoda katika kijiji kile. Nilikuwa naiona desturi nzuri sana mpaka siku ile.

"Mama, hivi vitu vitoke. Sasa hivi!"

Alikuwa anakung'uta kitambaa. "Vitoke viende wapi? Wageni waingie nyumba tupu? Mimi niliolewa hapa ama niliokotwa?"

"Wanakuja kuona kama tuna shida!"

"Shida wanaijua, ulijaza kwa fomu. Sasa waone watu."

Nilifungua mdomo nimjibu, gari likanguruma kwenye lango.

Walikuwa wawili, yule binti wa mafaili na mzee mmoja mwalimu mkuu mstaafu, mwenye koti la mvua na macho yasiyopitwa na kitu. Kwa ajili ya binti mazungumzo yalikuwa kwa Kiswahili. Waliketi, wakaletewa kuku, mukimo wa viazi na chapati. Nilimwona mwalimu akiangalia saa ya ukutani, halafu kabati, halafu dirishani kuelekea zizini. Alipomaliza kula akanawa mikono, akafungua faili.

"Mama, shamba linawapa nini?"

"Tunamshukuru Mungu, mwalimu."

"Ng'ombe anakamuliwa?"

"Hatulalamiki."

Hakusema uongo hata mara moja, mama yangu. Alijibu kama tunavyojibu kanisani, ambapo mtu husimama kushukuru, hasimami kulia njaa mbele ya wageni. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akausogeza mguu wake, akaendelea kutabasamu. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na mlango na sinia la vikombe, na vikombe vilikuwa vikigongana polepole. Yeye alishaelewa.

Binti akainua macho, akanitazama. "Hapa kwa kazi ya ndugu uliacha wazi."

Mama akanitangulia. "Huyu ako ofisini, huko Embu."

"Ofisini?" binti akaniuliza mimi.

Jikoni vicheko vilikuwa vimenyamaza. Mlango ulikuwa wazi, na kikundi kizima kilikuwa kinasikiliza. Nilijua jibu gani linamwokoa mdogo wangu na jibu gani linaniokoa mimi, na nilikuwa na muda wa kuchagua. Nikasema, "Ndiyo."

Akaandika.

Mwalimu aliposimama alimpa mama mkono kwa heshima kabisa. "Mama, umejitahidi. Mungu azidi kukubariki. Unajua, kuna watu huko nje wana taabu ya kweli."

Gari lilipotoka langoni, mama alinigeukia uso unang'aa. "Umeona walivyokula?"

Nililipuka. "Umemuuza mtoto Nanyuki kwa sahani ya kuku!" Nilisema mengine pia, ambayo mtoto hapaswi kumwambia mzazi. Wanawake wakatazama chini. Mama aliketi kwenye kochi, nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku ile, na uso wake ukashuka.

"Nilifikiri wanatafuta watu wanaofaa kusaidiwa," alisema. "Nani ataweka kitu chake mkononi mwa mtu aliyejiachilia? Wangekuta hapa pachafu na patupu, wangesema hawa wameshindwa, hata mtoto atashindwa."

Hapakuwa na muda wa kubishana, kwa sababu makochi yalikuwa ya mwenyekiti wa kikundi, na mumewe alikuwa ameenda Mikinduri kununua miraa bila kujua makochi yake yametoka nyumbani. Ilibidi yarudi kabla hajarudi. Wakaanza kubeba. Mimi, kwa ile hasira tu, nikashika upande mmoja wa kochi kubwa, mwenyekiti akashika wa pili, tukateremka njia. Nyuma yetu mmoja alijitwika kiti, mwingine zulia, mwingine vikombe ndani ya leso. Ng'ombe alikuwa anaburutwa na mwanamke aliyemleta. Mama alifuata mwisho na saa ya ukutani kifuani, mdogo wangu kando yake ana thamosi.

Tulipofika kwenye kona ya mikaratusi, gari lilikuwa pale. Gurudumu la nyuma limezama topeni mpaka kati. Mwalimu alikuwa amekunja suruali, ameshika jembe la kuazima. Binti alikuwa amesimama kando na faili ndani ya mfuko wa plastiki.

Tulisimama barabarani na vitu vyetu vya watu, mvua ikitunyeshea. Ng'ombe peke yake ndiye aliyekuwa na raha, akaanza kula majani ya kando.

Mwalimu alitutazama mmoja mmoja, kuanzia kochi mpaka saa. Akaweka jembe chini. Nilingoja atukane, au acheke. Akafuta mikono kwenye koti, akamwambia binti, "Fungua." Binti akaweka faili juu ya boneti na kulifunika kwa mwavuli.

"Mama," mwalimu akasema, "njoo hapa mbele. Naanza upya. Safari hii usimshukuru Mungu, unijibu mimi. Viti unavyo vingapi?"

Mama alikumbatia ile saa. Wenzake wote walikuwa pale, na hakuna hata mmoja asiyejua jibu, lakini kujua ni kitu kimoja na kusikia likitamkwa ni kitu kingine.

"Sina kiti," alisema. "Kuna vigoda viwili."

"Ng'ombe?"

"Sina."

"Viazi mmevuna?"

"Vilioza."

Kila jibu lilimtoka kwa shida, kama mtu anayeng'olewa jino, na baada ya kila jibu alisimama wima zaidi. Sijawahi kumheshimu mtu namna ile. Mwenyekiti alikuwa analia waziwazi, na mimi nilikuwa nimeanza kupumua, nikifikiri tumevuka.

"Na huyu wa ofisini?" mwalimu akauliza. "Mtu wa mshahara akiwa nyumbani, mama, kamati haipitishi. Nikuambie ukweli."

"Huyo ni wa kweli, mwalimu," mama akasema haraka, na mara ya kwanza tangu tufike pale sauti yake ikawa na fahari. "Huyo sikumwazima."

Wote wakanigeukia. Mdogo wangu pia. Hakuwa ananiomba kitu, maana hakujua kama kuna kitu cha kuomba. Nilishusha upande wangu wa kochi topeni.

"Sina ofisi," nikasema. "Nafulia watu nguo. Dallas, nyumba kwa nyumba. Sijawahi kuwa na ofisi."

Binti alinitazama mikono, halafu akainama akafuta, akaandika juu yake.

Jina la mdogo wangu lilitokea kwenye orodha ya waliochukuliwa, na aliripoti shuleni siku ya mwisho kabisa, karibu lango lifungwe. Lakini pale kwenye kona hatukuwa tunajua hilo. Tulichokuwa tunajua ni kwamba gari linahitaji kusukumwa. Tuliweka vitu kando, tukashika gari, wanawake na mwalimu na wote, tukalisukuma mpaka likatoka likaondoka.

Mama alikuja akasimama karibu nami. Alikuwa na tope mpaka magotini. Alizungumza kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, wenzake wasisikie.

"Ni miaka mingapi?"

"Minne, mama."

Alinishika vidole, akavigeuza kimoja kimoja.

"Minne," akasema. "Na mimi kila asubuhi napiga magoti kukuombea upandishwe cheo."